Rupia Mbili ya Bandia: Nilivyopigania Hela Yangu Mpaka Ikarudi

Ukikusanya sarafu za enzi ya Mjerumani, kuna moja ambayo utaletewa ya bandia tu, ukitaka usitake. Ni rupia mbili. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliitoa kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, basi. Ni sarafu pana ya fedha, upande mmoja ina Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma, upande wa pili ina nembo ya kampuni yenye simba na maandishi ZWEI RUPIEN. Rupia moja ilitolewa mara nyingi zaidi, hivyo bei yake inashikika. Hii ya mbili ni adimu, na palipo na uadimu matapeli hawakosi.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam na sarafu zangu nyingi nazipata kwenye minada ya mtandaoni. Wenzangu huniuliza kwa nini nihangaike na wauzaji wa nje wakati pesa hizi zilitumika hapa hapa. Ukweli ni kwamba zilizo safi nyingi ziliondoka zamani, zimelala kwenye makabati ya Ulaya, na zikitoka huko zinapita mnadani. Nataka zirudi. Mtoto wa Kariakoo anastahili kushika mkononi rupia ambayo babu wa babu yake alilipia kodi, si kuiona kwenye picha tu. Kwa hiyo natia dau kama watu wengine.

Hii ya 1894 niliishinda kwa bei nzuri kidogo kuliko kawaida. Kifurushi kilipofika nilikifungua huku simu ikirekodi, mizani ikiwa pembeni, bila kukata video hata sekunde moja. Ni utaratibu wangu kwa kila sarafu ya gharama, maana ukishaiweka mezani na kuanza kuifurahia, muuzaji anaweza kudai umebadilisha.

Rupia mbili halali ina uzito wa gramu 23.32. Yangu ilisoma 20.83.

Nikachukua sumaku. Ninayo moja kali niliyopewa na fundi wa kompyuta aliyeitoa kwenye diski ya kompyuta iliyokufa. Haikunasa. Hapa ndipo wengi wanaposhangilia, na hapa ndipo wanapopigwa. Sumaku inakamata chuma na nikeli, lakini shaba, shaba iliyochanganywa na nikeli na metali nyingi za kutengenezea feki hazinasi kabisa. Sumaku kali ina kazi nyingine nzuri zaidi: inamisha sarafu kidogo, iache sumaku iteleze juu yake. Kwenye fedha halisi inashuka polepole kama inavutwa nyuma, kwa sababu fedha hupitisha umeme vizuri mno na sumaku inayotembea juu yake huzusha mikondo inayoipinga. Niliiteremsha kwanza juu ya rupia moja ninayoiamini, kisha juu ya hii. Kwenye hii ilishuka kwa haraka.

Bado hiyo ni dalili, si ushahidi wa kumpelekea mtu. Ushahidi ulitoka kwenye maji.

Nieleze vizuri, kwa sababu kipimo hiki hakihitaji maabara. Weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, hakikisha hakuna viputo vya hewa vilivyoshika. Namba inayotokea kwenye mizani ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo, umepata msongamano wa metali yake, yaani ni nzito mara ngapi kuliko maji ya ujazo ule ule. Fedha tupu ni 10.49. Fedha ya rupia, ambayo ni sehemu 917 kwa 1000 na iliyobaki ni shaba, inakuja kama 10.3. Yangu ilisukuma gramu 2.34 za maji. Fanya hesabu: 8.9. Huo ni msongamano wa shaba au shaba iliyochanganywa na nikeli. Nilirudia, nikabadilisha uzi, jibu likabaki pale pale.

Nilipita pia kwa sonara mmoja mjini, mzee wa siku nyingi. Baada ya shikamoo niliiweka kwenye kiganja chake bila kusema neno. Akaigeuza, akaiangusha juu ya kioo cha meza, akasikiliza. "Mwanangu, hii si fedha. Nikuchubulie ukingoni tuweke dawa?" Nilimshukuru na nikakataa. Sarafu ikishachubuliwa, muuzaji anapata sababu ya kukataa madai yote. Yeyote atakayepita njia hii asikubali kukwaruza, kusafisha wala kung'arisha sarafu yenye mgogoro, hata kama anayetaka kumsaidia ana nia njema kabisa.

Kilichobaki ilikuwa picha, na hapa nilitumia muda mwingi kuliko kote. Anayetengeneza feki huanza na sarafu moja halisi, anaitolea kalibu au anatengenezea muhuri wa kugongea. Kalibu haichagui. Inanakili uso wa Kaisari na inanakili pia kila kovu ambalo ile sarafu halisi ilipata ilipokuwa ikizunguka mikononi mwa watu. Kwa hiyo watoto wake wote huzaliwa na kovu moja. Yangu ilikuwa na kishimo kidogo chini ya taya la Kaisari na mkwaruzo mfupi uliopita juu ya herufi za RUPIEN. Nikarudi kwenye minada iliyokwisha, nikapekua picha za rupia mbili zilizouzwa, nyingine na muuzaji huyo huyo. Nikaikuta nyingine yenye kishimo pale pale na mkwaruzo ule ule. Sarafu mbili zilizoishi maisha tofauti haziwezi kugongwa mahali pamoja kwa namna moja. Niliziweka picha sambamba na kuzizungushia duara jekundu.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, bila kumwita mwizi. Akajibu kwamba ni sarafu ya zaidi ya miaka 100, imechakaa, ndiyo maana imepungua uzito. Jibu hilo mtalisikia sana, na linaweza kumnyamazisha mtu asiyejiandaa. Nilimjibu hivi: kuchakaa kunapunguza uzito, lakini hakubadilishi metali. Rupia iliyosagika mpaka nusu bado itakuwa na msongamano wa fedha. Tena, sarafu iliyopoteza gramu mbili na nusu kwa kusagika isingekuwa na manyoya ya yule tai aliye juu ya kofia ya Kaisari yaliyosimama wazi namna ile.

Hakujibu tena. Nikafungua madai kwa wenye mnada ndani ya muda wao uliowekwa, nikaambatanisha video, namba za maji na zile picha mbili. Sikuandika hasira hata mstari mmoja, niliandika gramu. Wakaamua upande wangu na hela ikarudi yote, kasoro gharama ya kutuma.

Tangu hapo kila tangazo la sarafu ya fedha linalonivutia naanza kwa kuomba picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani. Muuzaji mkweli anaituma siku hiyo hiyo. Kwa ile dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyogongwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli wakati wa vita, siguswi na maneno. Feki zake ni nyingi mno. Naitaka iliyofungwa kwenye kasha na PCGS au NGC, kampuni zinazokagua sarafu na kuthibitisha uhalali wake, na namba ya kwenye kasha naitafuta kwenye tovuti yao nikilinganisha picha kwa picha, maana makasha nayo yanaghushiwa na namba halali inaweza kuibwa.

Kuna sarafu mbili ambazo ushauri wangu ni tofauti. Riale ya Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria, ya 1780 iliendelea kugongwa ikiwa na mwaka huo huo hata baada ya malkia kufa, Vienna, London, Bombay na kwingineko. Iliyogongwa baadaye si bandia, mradi ina gramu 28 na fedha yake ni 833 kwa 1000. Bandia ni maneno ya anayeiuza kama masalia ya karne ya 18. Na za shaba za masultani wa Kilwa usizinunue mtandaoni kabisa. Zikiwa feki umepoteza hela. Zikiwa halisi, sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Ukioneshwa ya Kilwa, mwelekeze mwenye nayo Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert.