Rotterdam hadi Philadelphia, 1750: Nauli Tuliyoilipa kwa Miaka

Anayetaka kuvuka kuja Pennsylvania, koloni la Waingereza huku Amerika, huuliza kwanza habari za bahari. Heri angeuliza habari za mto. Tuliondoka Heilbronn, mji wetu wa Ujerumani, mwezi Mei, na toka hapo hadi Uholanzi kuna vituo 36 vya ushuru. Kwenye kila kituo mashua hufungwa gatini mpaka watu wa forodha wajisikie kuja kuikagua. Haraka wataitoa wapi? Anayekula akiba yake ni abiria. Mto Rhine peke yake ulitumaliza wiki 5. Rotterdam tukakaa wiki 5 nyingine kungoja meli ijae, na mkate wa mjini hauna bei ya mkulima. Waliotoka kwao na nauli kamili kibindoni walifika bandarini wamebaki na nusu. Hapo ndipo wapiga debe, ambao hulipwa kwa kila kichwa wanacholeta, humwambia mtu: wewe panda tu, utalipa ukifika.

Nauli ni pauni 10, au florini 60, kwa kila aliyetimiza miaka 10. Wa miaka 5 hadi 10 hulipa nusu. Aliye chini ya miaka 5 halipi kitu, ila hana kitanda. Waingereza wengi wasio na nauli hutia saini mkataba wa utumishi London au Bristol kabla ya kupanda, wakijua watatumikia miaka mingapi. Sisi tulipanda na deni tupu. Miaka ya kulitumikia ingehesabiwa ng'ambo.

Kitanda ni ubao wa futi 2 kwa futi 6. Sheria mpya ya Pennsylvania inamtaka nahodha atoe angalau futi 6 kwa futi 1 na inchi 6, basi wetu alikuwa mkarimu. Juu ya kimo sheria haisemi neno, kwa hiyo mbao hupangwa moja juu ya nyingine, na mtu huingia kitandani kwa kutambaa. Sanduku lako usilipoteze machoni. Wenye meli hupenda kuyapakia masanduku kwenye chombo kingine ili hapa waingize watu zaidi, na ndani ya sanduku ndimo mlimo siki, matofaa makavu na nyama ya moshi ambavyo vingekuokoa.

Toka Rotterdam meli haiendi Amerika moja kwa moja. Sheria za Uingereza zinataka chombo kiendacho kwenye makoloni yake kipitie kwanza forodha ya Kiingereza, nasi tukatia nanga Cowes, bandari ya kusini mwa Uingereza, siku 12. Siku hizo nahodha hazimsumbui. Zinamsumbua abiria, kwa kuwa maji yamo kwenye mapipa ya mbao tangu Rotterdam na hayangoji. Katikati ya Atlantiki yalikuwa meusi, mazito, yenye wadudu. Tuliyachuja kwa kitambaa na kunywa tumeziba pua. Biskuti tulizigonga kwanza ubaoni ili mabuu yadondoke.

Chakula cha moto kilitoka mara tatu kwa wiki, bahari ikiwa shwari. Jiko liko juu, kwenye sitaha, na ikija dhoruba moto huzimwa na milango ya chini hufungwa isiingize maji. Yaani siku ambazo watu wanatapika na kutetemeka ndizo siku zisizo na supu wala hewa. Tulifungiwa hivyo siku tatu mfululizo. Milango ilipofunguliwa, mvuke uliotoka chini uliwafanya mabaharia wageuze nyuso. Chawa walikuwa wengi kiasi cha kukwanguliwa mwilini kwa kisu, na baada ya chawa ikafuata homa yenye vipele. Kiseyeye kilikuja nyuma yake, polepole, kikianzia kwenye ufizi.

Hesabu ya wafu inafaa kila familia iijue kabla ya kupanda. Mtu akifa kabla ya nusu ya njia, deni lake hufa naye. Akifa baada ya nusu, aliyebaki hulipa nauli zote mbili, yake na ya marehemu. Chukua mume, mke na watoto wawili, wa miaka 7 na 9: 10 na 10 na 5 na 5, jumla pauni 30. Mke akizikwa baharini wiki ya saba, mume bado anadaiwa 30. Watoto hao hawawezi kumsaidia, kwani mwenye umri wao hutumikia nauli yake mwenyewe mpaka afikishe miaka 21. Aliyepita miaka 10 ndiye anayeweza kubeba sehemu ya deni la mzazi.

Wiki ya kumi tukampandisha rubani kwenye mlango wa mto Delaware, na zikabaki maili zipatazo 100 za kupanda mto. Daktari alikagua, wenye homa wakapelekwa Province Island, kisiwa cha kuwatenga wagonjwa. Wanaume wa zaidi ya miaka 16 tulipangwa mstari hadi mahakamani, Market Street mjini Philadelphia, kula kiapo cha utii kwa Mfalme George, kisha tukarudishwa melini. Hakushuka ila aliyelipa.

Wanunuzi, wanaolipa deni lako ili uwatumikie, walikuja wenyewe, wengine toka mwendo wa siku mbili. Hushika mkono, hutazama kiganja, huuliza kazi gani unaijua. Wenye nguvu waliondoka siku ya kwanza kwa miaka 3 au 4, wengine hadi 6. Wagonjwa na wajane walibaki juu ya maji wiki mbili zaidi.

Usitie kidole kwenye mkataba kabla hujasomewa kila mstari. Angalia idadi ya miaka. Angalia mavazi ya kuachiwa huru, suti mbili, moja iwe mpya. Ukitoroka, kila siku moja uliyokosekana utailipa kwa tano. Karatasi huandikwa mara mbili, kisha hukatwa kwa mkato wa meno ili nusu zake zilingane siku ya ugomvi. Nusu moja ni ya bwana. Ya pili idai pale pale, kabla hujashuka ngazi.