Kahawa na Sakafu ya Sementi

Kahawa aliingia nyumbani kwetu Rau, hapa Moshi, masika ya mwaka 2019. Alikuwa mbwa jike mzima, shingoni ana sugu pale mnyororo ulipokaa. Aliyekuwa akimfuga alihama, akamwacha amefungwa uani nyuma ya stoo, juu ya sementi, majirani wakawa wanamrushia ugali. Nilimpitisha kwanza kwa daktari wa mifugo: akachanjwa kichaa cha mbwa, akapewa dawa ya minyoo, akafanyiwa upasuaji wa kutoa kizazi. Kwa mvua ile, daktari akasema asilale nje mpaka mshono ukauke.

Mama amekulia Marangu, na mbwa anaowajua yeye ni wa kulinda boma.

"Mwanangu, mbwa ni wa nje. Tangu lini akalala sebuleni?"

"Mama, ni mpaka mshono upone tu."

Hakujibu. Alikunja mkeka wake akaupeleka chumbani.

Sebule ikageuka choo. Nje hafanyi kitu. Alfajiri namtoa, nasimama naye kwenye majani chini ya migomba, mwavuli mkononi, naye anainua mguu mmoja mmoja kama anayekanyaga makaa. Tukirudi, hatua chache tu kutoka mlangoni, anachuchumaa kwenye sakafu yetu nyekundu na kumwaga mkojo wote aliokuwa ameubana. Mama akasema anafanya makusudi: asuguliwe pua pale pale, kisha fimbo.

Fimbo niliikataa, na hata leo ningeikataa. Mbwa anayechapwa baada ya tendo kupita haunganishi fimbo na mkojo, anaiunganisha na mtu aliyeishika. Ataendelea kukojoa, ila nyuma ya kochi usikomwona. Na Kahawa alikuwa tayari anajikunyata mtu akigusa tu ufagio.

Daktari alipima mkojo, akakuta hana maambukizi. Kisha akauliza, "Huko alikotoka alikuwa anajisaidia juu ya nini?"

Swali hilo lilinifungua macho. Mnyororo ulikuwa haumfikishi popote ila kwenye sementi. Majani mabichi hayakuwa choo kwake. Sakafu yetu ndiyo ilikuwa choo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na vipande vya zege, mabaki ya karo la zamani. Nikavipanga chini ya migomba, nafasi ya kumtosha kusimama na kuzunguka, nikavipangusa kwa kitambaa nilichofutia mkojo wake sebuleni. Ndani nikaosha kwa sabuni, kisha siki na maji. Dawa za sakafu zenye amonia niliziacha, maana harufu yake inakaribia ya mkojo na humrudisha mbwa pale pale. Chakula kikawa asubuhi na jioni, saa zile zile. Akiamka, akimaliza kula, kabla ya kulala: nje, kwa kamba, kwenye zege. Asipofanya, tunarudi ndani kamba nimeifunga kiunoni ili asipotee machoni, na baada ya muda mfupi tunatoka tena.

Mfukoni nilibeba mapupu ya buchani, yamechemshwa bila chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwa mbwa. Kazi kubwa ilikuwa kuwahi: apewe palepale alipomalizia, kabla hajapiga hatua. Ukingoja mpaka mlangoni, umemzawadia kuingia ndani.

Jioni aliyofanikiwa kulikuwa na manyunyu. Alinusa zege, akazunguka, akanitazama masikio yamelala nyuma, nadhani alikuwa anangojea kofi. Akachuchumaa. Nilikaa kimya mpaka tone la mwisho, kisha nikasema polepole, "Vizuri, Kahawa," nikampa kipande. Hakukipokea mara moja. Alikinusa, akalamba kiganja changu, ndipo akatafuna. Mkia wake, ambao tangu aje ulikuwa katikati ya miguu, ukatikisika ncha. Nilikuwa nimeloa mpaka kwenye viatu na nilitaka kulia kwa furaha.

Kuanzia hapo nikawa naongeza udongo juu ya zege, kiganja kwa kiganja, baadaye majani. Ndani aliteleza tena, hasa radi ikipiga. Tulifuta, tukaendelea. Mshono ukapona, na hakuna aliyezungumzia tena habari ya kumhamishia nje.

Mwishoni mwa masika nikaugua homa. Usiku nikasikia kucha zinakwaruza mlango wa jikoni, kisha ndala za Mama zikipita koridoni. Mlango ukafunguliwa.

"Haya, maliza mama, maliza taratibu," nilimsikia akisema huko migombani. Halafu akapaza sauti kuelekea dirisha langu: "Wewe! Yale mapupu umeyaweka wapi? Ameshamaliza!"