Kwani hajanyongwa?

Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Kabla ya hapo kifungu cha 204 cha sheria ya makosa ya jinai (Penal Code) kilimfunga mikono. Hata mshtakiwa angejieleza vipi, hukumu ilikuwa moja. Waliohukumiwa zamani wakaanza kurudishwa kortini wapangiwe adhabu upya, nasi maafisa wa probesheni tukatumwa vijijini kuandaa ripoti za kumsaidia jaji kupanga adhabu hiyo.

Ripoti ya mfungwa mmoja ilinipeleka Kaloleni, kwa mama wa marehemu. Nilimkuta chini ya mwembe akishona makuti. Nikamwamkia, nikapewa kigoda, nikamweleza kilichonileta. Mikono yake haikusimama. Alikunja jani kwenye ufito, akalifunga kwa kamba, akavuta, ndipo akauliza: "Kwani hajanyongwa?"

Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 2,700 hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha, na mfungwa huyu alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyefika kwa mama huyu kumwambia.

"Jaji alisema atanyongwa, mwanangu. Redio ikitaja gereza la Shimo la Tewa, natulia nisikie kama watamtaja."

Iliniuma sana. Tunazungumza, na ni haki tuzungumze, juu ya mateso ya mfungwa anayengojea kitanzi miaka na miaka. Mama huyu naye alikuwa akikingojea, peke yake, na serikali iliyomwahidi ilijua hakiji.

Hakuomba mfungwa asamehewe, wala hakuomba anyongwe. Alitaka aambiwe ni mwaka gani atatoka, na akitoka asirudi kukaa pale jirani. Niliandika vilevile alivyosema.

Jaji alimpa miaka 20, ikihesabiwa tangu siku aliyokamatwa. Nilimpigia mzee wa kijiji, akampelekea mama simu, nikamtajia mwaka. Akauliza ni nani atakayemjulisha siku zikikaribia, maana yeye simu hana. Sikuwa na ofisi ya kumtajia.

Nilipohamia kazi ya sera, hilo ndilo nililoanza kulipigania: hukumu ikibadilishwa, iwe na korti au kwa msamaha wa Rais, familia ya aliyeuawa ipelekewe habari na mtu, nyumbani kwao, kwa lugha yao. Hadi leo bado nalidai.