Nilivyomjua senene kwa kuhesabu pingili za mguu, baada ya kudanganywa na rangi

Kama kuna mtu aliwahi kukwambia kijani ndo senene na kahawia ndo panzi, basi mimi na wewe tumedanganywa na mtu mmoja. Mimi ni mtoto wa Muleba, Kagera, senene, wale wadudu wa kukaanga, nimeanza kula kabla sijajua kusoma, lakini chuoni tulipopewa kazi ya kuwapanga wadudu wa jamii ya panzi kwa maumbile yao niliumbuka mchana kweupe.

Kaka mmoja wa mwaka wa juu aliniambia we tenga kwa rangi tu, mbona rahisi. Nikatenga. Kijani boksi lao, kahawia boksi lao, na wale wenye michirizi ya zambarau nikawapa boksi la peke yao nikijua nimegundua kitu. Mwalimu akafungua, akanyamaza, halafu nikaona mabega yanatikisika. Wote ni senene, mdudu mmoja, kitaalamu Ruspolia differens, anatokea tu kwa rangi tofauti. Nikampigia bibi kulalamika, akaniambia "We mjukuu wangu, miaka yote hiyo shule hujui senene ana rangi nyingi?" Na huyu ni mtu ambaye zamani zao wanawake wa Kihaya walikua wanaokota na kuandaa, wanaume ndo wanakula.

Ushauri wa pili ndo uliniuma mfuko. Nikaambiwa si ununue tu sokoni Bukoba mjini, ni Novemba, wamejaa. Nikatoa elfu tatu au nne hivi kwa bakuli, nauli sihesabu. Nafika nyumbani nafungua: hakuna mabawa, hakuna miguu, hakuna papasi, zile nyuzi mbili za kichwani! Wamenyonyolewa tayari kwa kikaango, na mimi mtu mzima niliyewaona wakinyonyolewa maisha yangu yote sikuliwaza hilo hata kidogo. Sasa unampangaje mdudu ambaye amebaki kiwiliwili? Nusu nikala kwa hasira, nusu nikatupia friza.

Usiku ule nikaenda kwa mjomba mwenye mtego, zile taa kali na mabati yaliyoegeshwa kwenye mapipa, senene anafata mwanga anagonga bati anateleza ndani. Nikaomba kama ishirini wazima. Mjomba akataka kunipa gunia.

Haya, vitabu vinasema angalia papasi, zikiwa ndefu kuliko mwili sio panzi. Kweli, panzi na nzige wana vipapasi vifupi, na 2020 nzige wa jangwani walipotapakaa Kenya groupu letu la familia lilijaa picha za senene watu wanaogopa bure, papasi tu zingewatuliza. Lakini nyenje naye, yule anayekupigia kelele usiku nyuma ya kabati, ana papasi ndefu vilevile. Kwa hiyo ukiishia kwenye papasi hujafika popote, inabidi ushuke mpaka kwenye wayo uhesabu pingili. Panzi tatu, nyenje tatu, senene na ndugu zake nne.

Nikahesabu tatu. Nikarudia, tatu. Mdudu wa tatu, wa nne, kumi na moja, tatu tatu tatu, nikaanza kuona vitabu ndo vimekosea. Sasa sikilizeni ujanja wangu. Nikaenda kwa fundi saa pale stendi nikamwazima ile lenzi anayobana jichoni (soda moja, na ahadi ya senene), nikamlaza mdudu UBAVU kwenye karatasi nyeupe nikambana na selotepu, nikamulika tochi ya simu kwa pembeni, sio kwa juu. Ukimulika kwa juu vinachanganyika vyote. Kwa pembeni ndo nikaona: pingili ya tatu ni pana, imepasuka kama ukwato wa mbuzi, na ya nne nyembamba inachomoza katikati ya ule mpasuko ikiwa na makucha yake. Nilikua nazihesabu mbili kama moja! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Baada ya hapo mengine yakaja yenyewe. Sikio lake liko kwenye mguu wa mbele, chini kidogo ya goti, kwa senene ni mpasuo mwembamba kama tundu la kuwekea hela kwenye kibubu. Panzi sikio lake liko ubavuni mwa tumbo, chini ya bawa. Na ukimwangalia senene akiwa ametulia, bawa la kushoto ndo linalala juu ya la kulia, nyenje ni kinyume chake. Jike usihangaike naye, ana upanga mrefu wa kutagia mayai, mnyoofu, wa nyenje ni kama sindano.

Kwenye mpera wa jirani nikapata mwingine, mabawa kama jani kabisa na mishipa yake. Pingili nne, sawa, ni ndugu. Ila sikio lake liko wazi, kangozi kama ka ngoma, na upanga wake mfupi umepinda kama mundu. Nikamgeuza kifua: hana kitu. Senene katikati ya miguu ya mbele ana vimiiba viwili vidogo. Kumbe wote ni familia ya Tettigoniidae ila senene yuko familia ndogo ya Conocephalinae, wenye kichwa kilichochongoka, na huyu wa mpera ni Phaneropterinae.

Hapo ndo nikakumbuka friza. Nikatoa wale walionyonyolewa, nikawageuza chali mmoja mmoja na lenzi ya fundi: vimiiba vipo, kichwa kimechongoka vilevile. Wanyonyoaji waliondoa kila kitu isipokua nilichokua nakihitaji. Nikawapiga picha, nikaandika majina, na kabla sijarudisha lenzi mdogo wangu alikua ameshaweka kikaango jikoni.