Kuyeyusha theluji iwe maji: nilivyoliendesha tangi la kituo majira ya giza

Antaktika imelalia maji matamu kuliko bara lolote duniani, lakini bomba la jikoni halitoi tone mpaka mtu atoke nje na beleshi. Kituo nilichosimamia maji yake kimejengwa juu ya barafu inayoelea baharini, na majira ya giza, miezi ambayo jua halichomozi, tulibaki watu 12.

Hesabu kwanza, maana anayeikwepa ndiye anayeishia kujipangusa kwa kitambaa badala ya kuoga. Tulitumia lita 100 kwa mtu kwa siku, upishi na kufua ndani yake, yaani lita 1200, sawa na madumu 60 ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja ya theluji. Hapo hakuna ujanja. Kinachodanganya ni ujazo. Theluji iliyoshindiliwa na upepo ina takriban kilo 400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo lita 1200 ni mita 3 za ujazo. Ile laini iliyoanguka jana huenda ina kilo 100 tu: unajaza tangi mpaka juu, unafunika, unarudi baadaye unakuta maji yako ni robo ya yale ambayo ngumu ingekupa. Ulikuwa unabeba hewa. Kwa hiyo nilikuwa nakwangua laini ya juu na kuitupa kando, kisha nakata ngumu iliyo chini yake kwa msumeno wa mkono wenye meno makubwa. Theluji nzuri unaijua kwa sikio: msumeno unalia, na tofali linatoka na kona zake zote. Tofali la kilo 15 hubebeka bila kuvunja mgongo, na matofali 80 ni siku moja ya kituo. Watu wawili waliozoea huyamaliza kabla chai haijapoa sana.

Mahali pa kukata ni joshini, upande upepo unakotoka, mbali na bomba la moshi la jenereta. Palizungushiwa mianzi yenye bendera, na ndani ya bendera hizo gari haliingii, mtu hakojoi, dumu la mafuta halipumziki hata dakika moja. Tone la dizeli likishaingia tangini, harufu yake utaisikia kwenye chai, na tangi zima litamwagwa. Baada ya dhoruba iliyotoka baharini nilikuwa naonja theluji kwanza, kwa sababu upepo hubeba chumvi. Raha moja ya upepo ni kwamba shimo ulilochimba leo, kesho kutwa umeshalijaza tena, tena kwa theluji iliyoshindiliwa vizuri.

Beleshi hulala nje. Wageni wote hulikosea hili: wanaliingiza ndani ili mpini usiwe baridi. Beleshi lenye vuguvugu likigusa theluji, theluji inayeyuka kidogo, inaganda papo hapo, na kuanzia hapo kila unachochota kinang'ang'ania. Unagonga, unakwangua, unalaani. La plastiki hupasuka kwenye baridi kali, kwa hiyo nilitumia la alumini lenye mpini wa mbao. Nguo nazo: vua koti moja kabla hujaanza. Ukitoka mlangoni ukiwa unasikia joto, dakika kumi baadaye utakuwa umelowa jasho, na jasho ndilo litakalokugandisha ukisimama. Betri ya taa ya kichwani ikae ndani ya koti, waya utoke shingoni. Wawili kila mara, redio kwa mmoja wao, na mkono kwenye kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi shimoni.

Sasa moto. Kilo moja ya theluji iliyo nyuzi 30 chini ya sifuri inadai kilojuli 62 ili ifike sifuri, kisha 334 ili tu igeuke maji bila kupanda joto hata kidogo, kisha 42 ifike nyuzi 10. Kwa kilo 1200 unapata karibu kilowati-saa 146, yaani kilowati 6 zikifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Ukichoma dizeli kwa ajili ya hilo peke yake ni lita 15 kwa siku kama hakuna joto linalopotea, na siku zote linapotea. Bahati nzuri injini ya jenereta hugeuza karibu theluthi moja tu ya mafuta kuwa umeme. Sehemu kubwa ya joto linalobaki iko kwenye maji ya rejeta, na hilo tulilipitisha kwenye kibadilisha joto cha mabamba, kinachohamisha joto bila maji kuchanganyika, kabla halijatupwa nje. Mzunguko unaokaribia maji ya kunywa ujazwe glaikoli ya propileni, kimiminika cha kuzuia kuganda; ile ya ethileni ni sumu. Kipimo cha presha cha mzunguko huo nilikisoma asubuhi na jioni. Presha ikishuka bila tone kuonekana sakafuni, funga koki ya kwenda jikoni kwanza, halafu ndiyo utafute inakovujia.

Mtu akimwaga matofali yote 80 kwa mkupuo, baridi inarudi mpaka kwenye injini. Injini inayokimbia ikiwa baridi haichomi mafuta vizuri na inajaa masizi mabichi. Vali ya njia tatu ilitegeshwa ihudumie injini kwanza, nyuzi 80, na kinachozidi ndicho kiende tangini. Ndiyo sababu nililisha tangi mara mbili: saa moja kabla mpishi hajawasha majiko, na tena kabla ya zamu ya kufua, ili iyeyuke saa ambazo jenereta ina mzigo na joto ni la kutosha. Usiku watu wakilala mzigo unashuka, na theluji utakayotia saa hizo italala hivyo hivyo mpaka asubuhi.

Tangi lenyewe usiliache kukauka. Robo ya maji ibaki chini kila wakati, ifunike koili inayoleta joto la injini na hita ya umeme ya akiba. Hita ikiwaka hewani huungua. Maji hayo pia ndiyo yanayobeba joto hadi kwenye theluji, kwa sababu theluji kavu ni kama blanketi. Tatizo linalosumbua kuliko yote ni daraja. Matofali yanashikana juu na kuwa kuba, maji yaliyo chini yanashuka, na katikati kuna pengo. Ukichungulia unaona tangi limejaa, huku kipimajoto kinapanda haraka kupita kawaida: nyuzi 20, 25, 30. Hiyo ndiyo dalili, maana maji yanayogusa theluji hayawezi kupanda hivyo. Dawa ni mti mrefu: unachoma kuba pembeni, ukutani, kupitia tundu za wavu wa chuma uliofunika mdomo. Wavu hautolewi, hata kama tofali limekwama, kwa sababu chini kuna kina cha mtu. Na simama kando. Kuba likianguka maji yanaruka.

Ncha ya Kusini yenyewe, kwenye kituo cha Amundsen-Scott, hawachoti kwa beleshi. Wanashusha maji ya moto ndani ya barafu makumi ya mita mpaka wapate ziwa dogo, wanavuta maji na kurudisha sehemu yake ikiwa imepashwa moto, na ziwa linazidi kuzama. Kisima cha namna hiyo kinaitwa kwa jina la Raul Rodriguez, mhandisi wa jeshi la Marekani aliyekibuni. Kikishakuwa kirefu mno kinaachwa, na shimo lake linapokea majitaka. Hata hivyo huko kila mtu ana ruhusa ya kuoga mara mbili kwa wiki, dakika mbili kila mara, kwa sababu kila lita bado ni mafuta.

Maji ya theluji ni matupu, hayana madini, na kitu kitupu kina njaa: kinakula shaba ya mabomba. Ukiona michirizi ya kijani-buluu kwenye sinki, yameshaanza. Niliyapitisha kwenye chujio la mikroni 5, kisha kwenye mtungi wa chembe za chokaa, kisha taa ya urujuanimno inayoua vijidudu. Chokaa ikiisha, wa kwanza kulalamika ni mnywa chai: ladha inakuwa bapa. Tangi la maji ya moto lilikaa nyuzi 60, lisishuke, bakteria wasipate makao.

Bomba likiganda, karibu kila mara ni pale kishikio cha chuma kinapolibana ukutani, kwa sababu baridi hupita hapo hata kama sufi ya kuzuia joto imekamilika kwingine. Waya wa kupasha bomba usiuamini kwa kuugusa, pima ampea. Kuyeyusha, fungua koki kwanza, anza upande wa koki iliyo wazi, rudi nyuma taratibu ukitumia kikausha nywele. Ukianzia katikati, maji yaliyonaswa kati ya vipande viwili vya barafu yanapanuka yakipata moto na hayana pa kwenda. Moto wa gesi sikuuruhusu ukutani kabisa: hewa ni kavu, mbao ni kavu, na bomba lililoganda ndilo hilo hilo la kuzimia moto. Likishafunguka, acha maji yatiririke polepole dakika kumi huku umeshika ndoo, na upapase kila kiungio kwa kidole. Ufa uliofanywa na barafu hauvuji mpaka barafu iondoke.