Mkaa Uliokolea

Umeme ulikatika usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Februari 2021. Nikageukia ukutani nikaendelea kulala. Mtu aliyekulia Tanzania hashtuliwi na mgao, tena tulikuwa tumeshaonywa kwamba kwa ajili ya dhoruba ya baridi huenda ukawepo, wa zamu, mtaa huu kidogo na mtaa ule kidogo. Nilipoamka alfajiri, pumzi yangu ilikuwa ikionekana chumbani kama moshi wa sigara. Umeme wetu ulirudi Alhamisi.

Houston si mji wa baridi. Ni mji wa joto na unyevu, pacha wa Dar es Salaam, na nyumba zake zimejengwa kukimbia jua. Fleti yetu ilitegemea umeme kwa kila kitu: hita, jiko, hata maji ya moto. Baadaye nilisoma kwamba Texas ina gridi yake yenyewe, kwamba mitambo na mabomba ya gesi yaliganda saa ileile ambayo kila mtu alikuwa amewasha hita, na kwamba zaidi ya nyumba milioni 4 zilikaa gizani. Siku ile nilijua mambo mawili tu: mke wangu, anayehudumia wazee, amekwama kazini kwa sababu barabara zimekuwa barafu tupu, na mimi nimebaki na binti yetu wa miaka sita.

Wala sikuogopa sana. Mimi ni mtu wa Makete. Kwetu Julai unaamka unakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi, na tulienda shule tumevaa sweta juu ya sweta. Nikaanza kazi. Nikavuta godoro hadi sebuleni, nikatundika blanketi mlangoni pa korido, nikabandika mifuko ya plastiki madirishani, nikasokota khanga mbili za mke wangu nikaziba chini ya mlango wa nje. Hapiti hata sisimizi! Nilijiona fundi.

Jioni ikabishwa hodi. Alikuwa mzee wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Uvira, na wajukuu zake wanne wamejifunika mablanketi. Mzee huyu alikaa kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, miaka kumi na tisa kabla ya kuletwa Marekani. Mkononi alikuwa na mbabula, jiko alilojitengenezea kwa ringi ya gari, na nusu mfuko wa mkaa wa kuchomea nyama.

"Mwanangu," akasema, "watoto wakae pamoja. Joto ya watu ni joto."

Tuliwasha jiko nje, kwenye balkoni. Hapo ndipo tulipodhani tunafanya mambo kwa uangalifu. Nyumbani kila mtu anajua: mkaa mbichi hauingizwi ndani, unaua. Subiri ukolee. Bibi yangu alikuwa anachutama mbele ya jiko na ungo, anapepea, na hakuna aliyethubutu kulishika mpaka mkaa uwe mwekundu wote na juu umeota majivu meupe. Nasi tukasubiri. Mzee akainama, akanusa.

"Moto iko muzuri sasa. Moshi hakuna."

Tukaliingiza, tukaliweka katikati ya sebule juu ya sinia. Tukachemshia chai. Watoto wakavua kofia.

Baada ya muda, sijui ni saa nzima, binti yangu akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni njaa, maana hata changu kilikuwa kinagonga. Mjukuu mdogo wa mzee akatapika. Tukasema chai ya rangi, tumbo tupu. Wawili walikuwa wamelala, usingizi mzito wa ajabu, nami nikamshukuru Mungu kwamba wamepata joto wakalala.

Simu ilikuwa imebakiza asilimia tisa mke wangu alipopiga.

"Mmekula?"

"Tumekula. Tena tumepata joto, mzee kaleta jiko."

Akanyamaza kidogo. "Liko wapi?"

"Hapa sebuleni. Mkaa ulishakolea, usiwe na…"

"Baba watoto, litoe. Usinijibu, litoe! Fungua milango yote."

Niliposimama, magoti yalikataa. Nilishika ukuta. Zile khanga nilizozisokota zilikuwa zimekaza mlango, nikazing'oa kwa mguu huku natukana. Mzee alibeba jiko, mimi nikabeba waliolala, mmoja mmoja, tukawakalisha ngazini kwenye baridi, tukiwapigapiga mashavu. Usiku ule joto lilishuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Leo ningewapeleka hospitali hata kwa kuwakokota. Siku ile barabara hazikupitika. Tulibaki kuwasikiliza wakilia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Mke wangu akanieleza mpaka simu ikazima. Moshi ni kitu kingine na kinachoua ni kingine. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, mkaa mwekundu huitoa tele, na ikiingia kwenye damu huchukua nafasi ya oksijeni. Baadaye jimbo lilihesabu vifo 246 vya dhoruba ile, na 19 vilitokana na gesi hiyo.

Jiko halikuingia tena. Lilikaa ukingoni mwa balkoni, mlango umefungwa, nasi tukipokezana kutoka kuchemsha maji. Tuliyaacha yapoe kidogo, tukayajaza kwenye chupa za plastiki, tukazivika soksi, kila mtoto moja tumboni na moja miguuni. Chupa ya hivyo inakupa joto saa tatu hivi. Wakubwa tulilala pembeni, watoto katikati, wote chini ya mablanketi yale yale, na mzee akikoroma kama trekta. Jumatano bomba la ghorofa ya juu likapasuka, dari likatumwagikia, lakini hilo ni vurugu tu za maji.

Umeme uliporudi nilimpigia mama Makete. Nilikuwa na jambo moja. Nilipokuwa darasa la tano, maharusi wa nyumba ya pili walikutwa wamekufa kitandani, hawana jeraha, mlango umefungwa kwa ndani. Kijiji kizima kilisema wamerogwa, na bibi mmoja alihama kwa maneno ya watu.

"Mama, wale maharusi. Ilikuwa mwezi gani?"

"Julai," akasema. Kisha nikamsikia anavuta kiti. "Jiko waliazima kwetu. Mimi mwenyewe niliwapepelea likakolea."