Jumamosi na Jumapili kwa Waumini wa Kale wa Tarbagatay

Kabla ya kukata tiketi mimi hutazama kalenda. Waumini wa Kale, Wakristo wa Kiorthodoksi wa Urusi wanaoshika ibada ya zamani, wa kijiji cha Tarbagatay, Buryatia, huko Siberia, wanafuata kalenda ya Julius, iliyo nyuma ya yetu kwa siku 13. Krismasi yao huangukia Januari 7. Jumatano na Ijumaa kwa kawaida hawali nyama, maziwa wala mayai, na mfungo wa kabla ya Pasaka ni wiki saba nzima. Anayekwenda siku hizo akitarajia karamu ataambulia viazi na kabichi ya chumvi. Jumamosi isiyo ya mfungo inafaa zaidi: mchana makumbusho yaliyoanzishwa na padri wa kijiji, jioni ibada, kesho yake asubuhi liturujia.

Shuka treni Ulan-Ude, mji mkuu wa Buryatia, kisha panda marshrutka, yaani daladala lao, kama kilomita 50 kuelekea kusini. Muulize dereva gari la mwisho la kurudi kabla hujashuka.

Watu hawa huitwa Semeyskie, "wenye familia". Wazee wao walikataa mageuzi ya ibada ya Patriaki Nikon, mkuu wa Kanisa la Urusi, ya miaka ya 1650, wakakimbilia Vetka, leo iko Belarus. Karne iliyofuata Catherine II, malkia wa Urusi, akawahamishia Siberia, wake na watoto pamoja.

Ugomvi wenyewe unauona mkononi. Wao huonyesha ishara ya msalaba kwa vidole viwili: cha shahada na cha kati. Muorthodoksi wa Kenya au Uganda amezoea vitatu, na hapo ndipo anapokosea bila kujua, maana hicho cha tatu ni sehemu ya kilichowatenga. Mgeni asimame nyuma karibu na mlango, mikono chini, si mfukoni. Ibada ni ndefu na muda mwingi watu wamesimama, kwa hiyo vaa viatu visivyobana. Kamera ibaki begini.

Mwanamke avae sketi ndefu na kitambaa cha kichwa kilichobanwa kwa pini chini ya kidevu, ncha zikining'inia. Wengi hufunga fundo. Fundo hilo ndilo linalomfichua mgeni. Pini moja tu, lakini ukiisahau hutaipata mlangoni.

Sakafuni utaona vijitakia vya mraba, vimeshonwa kwa vipande vya nguo. Kinaitwa podruchnik: anayesujudu huweka viganja juu yake ili mkono wa kuonyeshea ishara ubaki safi. Usikikanyage, na usikiokote ukidhani unasaidia.

Zawadi? Asali, inaliwa hata siku za mfungo. Sigara hapana. Kahawa, tunayojivunia kubeba sisi, iache: wenye msimamo mkali hawainywi.

Katika nyumba za namna hiyo mgeni huwekewa kikombe chake mbali na vya wenyeji. Si dharau, ni desturi ya kutochanganya vyombo na wasio wa imani yao. Makosa hutokea baada ya kula, pale mgeni mwenye adabu ya kwetu anapokusanya vyombo vyote na kuviosha katika beseni moja. Acha kikombe chako pale pale mezani.